Karatasi Ndani ya Besi Nyekundu

Buyenzi, Bujumbura, tarehe 20 Januari 2025

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa Révérien, kiongozi wa kwaya, Kibenga.
Yahusu: ombi la maelezo juu ya maneno yanayotembea mjini.

Shemeji,

Nakusalimu kwa heshima yote anayostahili ndugu wa mke wangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama naye magoti yake yametulia. Sisi huku ni wazima. Dada yako Waridi amepona mafua, na ndiye aliyeibeba barua hii ikiwa imefungwa kwa gundi. Nakuomba uitazame gundi hiyo kabla ya kufungua.

Nimechagua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu neno la simu halina sahihi.

Unaijua kazi yangu tangu nilipoacha useremala wa vitanda. Nanunua magitaa ya besi ya bei ndogo, yale ambayo wenyewe wameyakatia tamaa. Nanyoosha shingo, nabadilisha sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, natia kikuza sauti kidogo chenye pile, yaani betri, napaka rangi mpya, kisha nauza kwa bei ambayo kwaya inaweza kuichanga. Wanunuzi wangu wote ni makanisa. Mimi ni Mwislamu wa Buyenzi, na hilo halijawahi kuwa ajabu kwangu wala kwao.

Hata hivyo, wiki iliyopita kwaya tatu zilivunja maagizo yao katika siku nne. Ile ya Mutanga Sud ilimtuma mama mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye alisimama nje ya karakana akakataa kukanyaga ndani. Nilipomwomba sababu, alisema: "Papa Massoudi, besi zako zinalia vizuri mno. Kitu kinacholia hivyo kina mtu ndani."

Kwaya ya mwisho kununua kwangu ni yako: besi nyekundu, mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo naomba unijulishe kwa maandishi ni nani aliyesema nini. Namshuku Bonfils, mwenye duka la vyombo vya muziki kule Rohero, ambaye tangu nianze kazi hii hupita mbele yangu bila kugeuza shingo. Ikiwa si yeye, sikosi mwingine wa kumshuku.

Shemeji yako,
Massoudi


Kibenga, 24/1/2025

Shemeji Massoudi,

Amani. Mama anakusalimia, magoti ni yale yale. Gundi niliiangalia, ilikuwa nzima. We mutu wa mambo!

Bonfils umuache. Maneno yametoka kwetu. Jumapili ya tarehe tano, katikati ya wimbo, besi ikanyamaza. Sylvère, mupiga besi wetu, akasema pile imekufa. Akachukua tournevis, akafungua skrubu za kale kafuniko ka nyuma. Ndani kulikuwa karatasi imekunjwa mara nne, imebandikwa. Maandishi ya Kiarabu, mistari saba. Mama mmoja akapiga kelele: "Hirizi!" Ibada ikaishia hapo.

Mi nilicheka. Niliwaambia: huyo ni shemeji yangu, anaandikaka hata kwenye kopo la misumari. Komite haikucheka. Wanauliza, mbona hakutuambia? Mbona aifiche? Na kuna wanaokumbusha besi yetu nyeusi, ile iliyoibwa mwezi wa nane. Unajua tulimufukuza zamu wetu, mulinzi Djibril, kwa sababu yeye ndiye alikuwa langoni siku ile. Sasa wanasema: Djibril ni wa Buyenzi, Massoudi ni wa Buyenzi, wote Waislamu, tazameni wenyewe. Wanashona nguo kwa vipande ambavyo havipatani.

Mama naye amesikia. Juzi Waridi alileta pilau, Mama akasema amefunga. Tangu nimjue, Mama hajafungaka hata siku moja. Waridi alirudi na sufuria yake, akilia njia nzima.

Basi fanya kitu kimoja. Ndani ya bahasha nimeweka picha ya karatasi. Isome mstari kwa mstari, uandike kwa herufi zetu. Nitawasomea komite, na mambo yataisha.

Shemeji yako,
Révérien


Buyenzi, tarehe 27 Januari 2025

Shemeji,

Salamu za heshima kwako, kwa Mama, na kwa komite nzima ijapokuwa haijanistahi. Sisi ni wazima kwa miili.

Nimeipokea barua yako na nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa hasira. Kwanza, maandishi yale si Kiarabu. Ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyofundishwa na marehemu babu yangu aliyetoka Ujiji. Pili, hiyo ni karatasi ya kazi. Kila besi inayotoka mikononi mwangu ina karatasi yake, kama mgonjwa alivyo na karatasi ya zahanati: alikuja na maradhi gani, alitolewa nini, alitiwa nini. Fundi atakayeifungua baada ya kifo changu atajua pa kuanzia.

Tatu, kuhusu kuisoma mstari kwa mstari, nasikitika kukujulisha kwamba haitawezekana. Kila fundi ana siri ya mkono wake, nami sina wajibu wa kuisomea komite siri hiyo ili kesho Bonfils aipate bure.

Naomba karatasi irudishwe kwangu ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa mkono wa Waridi. Isipitie kwa mtu mwingine, na hasa isipitie kwa Sylvère, ambaye hajui thamani ya karatasi.

Shemeji yako mwenye kudhulumiwa,
Massoudi


Kibenga, 11/2/2025

Massoudi,

Amani. Tuko wazima. Mama hataki nimtaje mutu yeyote wa nyumba yako, kwa hiyo sina salamu zake.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliamini. Mara ya tatu, apana. Mutu anayeandika mistari ishirini kueleza kwa nini hawezi kusoma mistari saba, ana kitu. Na mbona "hasa Sylvère"? Nilimuuliza kama mnajuana. Akasema: "Huyo fundi? Mi nimuonee wapi?" Alijibu haraka sana, nikashuku, halafu nikajishuku mwenyewe kwa kumushuku.

Komite ikaamua karatasi iende kwa Majid, mwenye duka la vitambaa Rohero, anayesoma herufi hizo. Sylvère akajitolea kuipeleka. Alirudi uso umekuwa majivu. Eti Majid amesema ni maneno ya kufunga watu, na karatasi wameichana pale pale kwa usalama wetu.

Kwa hiyo Jumapili hii, tarehe kumi na sita, besi itachomwa nyuma ya kanisa, mbele ya watu wote. Jina lako litatajwa. Waridi ni dada yangu wa tumbo moja, na baada ya siku ile sijui atakanyaga vipi uwanja wa Mama.

Kama una neno, liandike kabla ya Jumapili. Na usiniletee siri ya mkono.

Révérien


Buyenzi, tarehe 13 Februari 2025

Kwa Shemeji yangu Révérien.
Yahusu: usomaji wa karatasi, mstari kwa mstari.

Shemeji,

Nakusalimu. Sitauliza habari za afya, kwa kuwa sistahili kujibiwa.

Karatasi inasema hivi:

Besi nyeusi, nyuzi nne. Imeletwa na Sylvère, mpiga besi wa kwaya, Kibenga, mwezi wa nane.
Shingo imepinda. Vyuma viwili vya shingoni vimelika.
Sumaku ya mbele imekufa, nimetia mpya.
Nimetia kikuza sauti cha pile.
Nimeparua nyeusi, nimepaka nyekundu.
Mwenyezi Mungu aipe sauti.
Fundi Massoudi.

Usiniamini. Naambatanisha picha ileile uliyonitumia. Mpelekee Majid wewe mwenyewe, peke yako, usimwambie nilichoandika, kisha ulinganishe.

Sylvère aliponiletea besi ile alisema ni mali yake, akaniuzia. Nilimwamini, kwa sababu alinitajia jina lake bila kusita. Lakini mwezi wa kumi na moja ulifika karakana na ukanieleza ile mliyoibiwa: nyeusi, vyuma viwili vimelika, sumaku ya mbele haisemi. Nilikuwa mbele yako nimeishika, imekwisha kuwa nyekundu. Papo hapo nilijua. Ukaipiga kidogo, ukasema: "Hii imezoea mkono wangu." Nami nikakujibu kwa ufasaha: "Besi nzuri humzoea kila mtu." Nikakuuzia mali yenu wenyewe.

Habari za Djibril nilizijua pia. Nilijiambia kwamba si mimi niliyemtuhumu, na kwamba hakuna aliyeniuliza. Hata karatasi sikuitoa ndani. Nilijiona mwaminifu kwa kuwa imesema kweli, ijapokuwa ilisemea gizani chini ya skrubu nne.

Ningeweza kunyamaza hadi Jumapili. Moto ungekula rangi zote mbili, nami ningebaki mchawi, jambo ambalo mtu anaweza kulikanusha. Hili siwezi kulikanusha. Naomba barua hii isomwe mbele ya watu, yote, bila kufupishwa, na Djibril arudishwe langoni kwake.

Shemeji yako,
Massoudi


Kibenga, 26/2/2025

Shemeji,

Amani kwako na kwa Waridi.

Nilikwenda kwa Majid peke yangu. Alisoma mistari yako saba, haikupungua hata neno. Nikamuuliza, mbona ulimuambia Sylvère ni uchawi? Akashangaa: "Uchawi gani? Nilisoma mstari wa kwanza tu, yule bwana akaninyang'anya karatasi akatoka mbio. Hata chenji ya kitambaa hakuchukua."

Jumapili hatukuchoma kitu. Nilisoma barua yako yote, hata "Yahusu". Nilipofika kwenye jina lake, Sylvère alisimama akatoka kwa mlango wa pembeni, na hajarudi. Mama alikuwa kiti cha mbele. Jioni alimuita Waridi, akala pilau, akalalamika haina viazi.

Mi nina hasira na wewe bado. Nilikuja kwako kama ndugu, ukaniuzia mali yangu huku unatengeneza methali. Lakini hiyo tutaongea siku nyingine, na kwa mdomo.

Kuna jambo la mbele. Mi na mchungaji tulikwenda kwa Djibril, kumuomba radhi na kumuomba arudi kazini. Amekonda. Nilimusomea barua yako, nikidhani itamupoza. Alisikiliza hadi sahihi. Akasema: "Ni barua nzuri sana. Imeandikiwa nani?"

Nikasema: "Mimi."

Akasema: "Basi ni yako."

Hakutujibu kama atarudi. Shemeji, mnakaa avenue moja. Kurasa zako zimevuka muji muzima kuja Kibenga, na mulango wake ni wa tatu kutoka kwako.

Usinijibu mi kwanza.

Révérien


Buyenzi, Ijumaa 28 Februari

Révérien,

Nimetoka kwa Djibril sasa hivi.

Hakunikaribisha ndani. Nilisimama mlangoni, mke wake anapepeta mchele. Nilianza: "Kwa heshima na taadhima, jirani yangu..." Akasema: "We Massoudi. Sema."

Nikasema. Yalikuwa maneno machache kuliko nilivyodhani.

Aliniuliza jambo moja. Tangu afukuzwe, kila alfajiri tukitoka msikitini amekuwa akinisalimia nami nikimwitikia. Akauliza: "Siku zote hizo ulikuwa unaniitikia na moyo gani?"

Nikautazama ungo. Mke wake aliacha kupepeta.

Kisha akasema atarudi langoni mwenu Jumatatu, kwa sababu watoto wanakula. Mimi ameniomba kitu kimoja: katika swala nisisimame karibu naye.

Mwezi ukionekana leo, kesho tunafunga. Nitasimama safu ya nyuma.

Shemeji yako