Kamba ya Nguo katika Surat al-Ma'un

Jumamosi, 4 Oktoba 2025
Darsa ya akina mama, Gitothua. Surat al-Ma'un. Inawakemea wanaonyima wenzao vyombo vidogo vya nyumbani. Nimewakumbusha njia mbili: tafsiri ya riwaya, iliyopokewa kutoka kwa Mtume na masahaba, na tafsiri ya rai, ambayo mfasiri huitoa kwa elimu na akili yake. Mgeni mmoja — Dianah wa Membley, aliyesilimu Machi. Simu yake ilikuwa mkekani, inarekodi. Hakuomba ruhusa!

Jumatano, 8 Oktoba
Mzee Njau, mwenyekiti wa msikiti, ameuliza nasomesha kwa kitabu gani. Miaka tisa hajawahi kuuliza. Wapo wasiopenda mwanamke afasiri. Huyu Dianah katumwa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Kaja na daftari na kalamu za rangi tatu. Kila aya: "Mwalimu, hiyo ni riwaya ama ni rai?" Bi Ngina akamkata: "Wee Dianah, tuko darsani, si kotini!" Wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 14 Oktoba
Njau aliniita ofisini. Dianah alikuwa ameshakaa. Nilibeba vitabu vitano, tayari kujitetea.

Njau akafungulia rekodi. Sauti yangu: "Ibn Mas'ud amesema, al-ma'un ni ndoo, chungu, shoka, kamba ya kuanika nguo."

Hakuna anayenifukuza! Dianah aliituma Thika. Imamu wa huko ameinukuu hotubani. Sasa wanachapa vikaratasi vya kugawa Ijumaa.

"Umetuinua, Mwalimu," Njau akasema. "Hata Maggie amewafungulia wapangaji kamba zake. Tupe tu kitabu na ukurasa."

Tabasamu la Njau sikuliamini.

Ndoo, chungu, shoka — vimepokewa. Kamba ni yangu. Siku ile nilimwona Maggie amekaa mbele, mama ploti anayenyima watu kamba, nikaiunga kwa pumzi moja. Ikawa kauli ya sahaba.

Nilisema nitatazama. Dianah akaandika hilo pia.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimetazama vitabu vyote vitano, kana kwamba kamba ingejitokeza yenyewe.

Saa saba u nusu mchana. Dianah amepiga mara tatu. Sasa ujumbe: "Mwalimu, mchapaji ameweka karatasi kwa mashine. Anangoja wewe tu."

Hajui? Au anajua, na ananipa nafasi ya kusema mwenyewe?

Nimeandika: "Ondoeni kamba." Nimefuta. Wangeuliza kwa nini.

Nimeandika: "Ukurasa —"

Anapiga tena.