Mizabibu Iliyopogolewa Mei

Chilonje, 4 Mei 1993
Asubuhi ukungu mlimani, baridi. Mvua imekwisha.

Kaka Yoramu,

Shikamoo. Sisi tu wazima, ila kifua cha baba kinambana kama ulivyomwacha. Hujambo huko Dodoma? Kazi umepata?

Mgodi umeuzwa, hatujui kwa nani. Ofisi imefungwa, na wafanyakazi wa nyumba za juu wameng'oa mabati yao wakaondoka. Pampu ingalipo, lakini imezimwa. Baba, aliyeiendesha miaka yote, huenda kuifuta vumbi.

Unajua mashamba yetu yote yalinywa maji yaliyovutwa mgodini. Kwa hiyo wakulima tumekubaliana tusipogoe mwezi huu. Tuiache mizabibu ilale mpaka mvua za Novemba. Ikikatwa itachipua, na ikichipua bila maji itakufa. Baba anauliza kama umesikia mnunuzi ataiwasha pampu.

Mdogo wako,
Edina

Ihumwa, 14 Mei 1993

Mdogo wangu Edina,

Marahaba. Mimi mzima, nashukuru. Pole ya kifua mpe baba.

Nimepata kazi hapa Ihumwa kwa tajiri wa vyuma chakavu. Nilisita kuwaandikia kwa sababu ndiye aliyeinunua pampu, pamoja na mabomba yote. Tarehe 29 nakuja na lori na mafundi kuing'oa. Nisipokuja mimi atakuja mwingine, nami nitakuwa nimepoteza kazi bure. Mwambie baba taratibu, wewe unajua kusema naye.

Nimemtuma William, yule anayefanya kazi kwenye treni, awaambie nakuja na lori na mafundi wa pampu, mtuandalie mahali pa kulala. Mengine sikumwambia.

Kaka yako,
Yoramu

Chilonje, 22 Mei 1993
Jua limetoka mapema, hakuna upepo.

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana. William aliitangulia. Alimwambia baba kuwa unakuja na lori na mafundi wa pampu, basi.

Umesahau desturi ya huku? Lori la mafundi likipanda, watu hupogoa kabla halijafika, ili maji yaikute mizabibu tayari. Baba alichukua mkasi papo hapo. Majirani walipomwona mwendesha pampu anapogoa, nao wakapogoa. Bonde zima sasa ni vigutu. Mama Devota alimtania kuwa mwaka huu atakunywa mvinyo wa mwanawe mpaka asahau njia ya kanisani. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Nimemsomea barua yako. Aliniambia nirudie pale penye kuing'oa, nikarudia. Akasema, "Akiiona atabadili mawazo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuiwasha."

Mwombe tajiri wako aiache mpaka zabibu zikomae. Akikataa, usije wewe.

Mdogo wako,
Edina

Chilonje, 9 Juni 1993
Asubuhi vumbi, anga jeupe.

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama. Uliondoka bila kuingia ndani, nami sikukufuata.

Watu bado wanaizungumza siku ile ya kung'oa pampu. Wanasimulia jinsi fundi wako alivyoinua nyundo kuivunja nati iliyogoma, na baba alivyokunyang'anya spana. Nilidhani atakupiga. Lakini alipiga magoti, akakwambia, "Usiilazimishe. Itie mafuta, subiri, itaachia." Akabaki nanyi mpaka nati ya mwisho, na majirani wamesimama pale wanatazama.

Machipukizi yalitoka, mazuri kweli. Sasa yanajikunja. Tulijaribu kumwagilia kwa ndoo, lakini kisima hakitoshi hata kunywa. Kina Mama Devota wamehamia Bahi. Wengine wanang'oa mashina wapate kuni. Hakuna aliyemlaumu baba mbele yake. Wameacha tu kumwamkia. Anapita njiani na watoto wa watu wanatazama chini.

Barua hii niliianza asubuhi. Nimekaa nayo siku nzima nikingoja baba anipe neno la kukupelekea. Nilimuuliza mchana, akatoka kwenda shambani. Nimemuuliza tena alipokuwa anafunga mlango, akasema, "Mwandikie wewe."

Mimi sina zaidi. Sasa ni saa nne usiku, nakwenda kulala.

Mdogo wako,
Edina