Tiki Mbili za Bluu

Kaka yangu,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea, lakini naitoa kwa heshima ile ile niliyolelewa nayo, na ikibaki hewani bila marahaba nitaelewa. U hali gani? Kazi ya kiwandani inakwendaje, na kile kidole kilichokatwa na kioo kimepona, au bado kinakusumbua asubuhi za baridi? Wifi naye hajambo? Mfikishie salamu zangu, ingawa ukimaliza kusoma utaona kwamba hata yeye napaswa kumwomba radhi.

Sisi huku tu wazima. Nasema "sisi" kwa mazoea, maana nyumbani nimebaki peke yangu. Bado nabandika maji ya chai ya watu wawili. Chumba cha mama nimekiacha kama alivyokiacha, isipokuwa dirisha. Hilo nalifungua kila asubuhi, kwa sababu alikuwa hapendi hewa iliyolala.

Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Tangu ulipoondoka msibani hata bila kunywa maji ni miezi kumi na mmoja, nami sikutuma hata salamu. Nakuomba usome mpaka mwisho. Ukitaka kuichana barua, ichane ukishaiona sahihi yangu.

Nianze na habari za kazini, kwa sababu mambo yalianzia huko. Bado nafagia katika lile jengo la ofisi, ghorofa ya tatu na ya nne. Mwaka huu msimamizi alitutangazia kwamba daftari la mahudhurio limestaafu, na kila mtu atajiandikisha kwa simu yake akiingia na akitoka. Tulishuku papo hapo. Mwenzangu wa zamu, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, alisema simu itahesabu mtu ameingia chooni mara ngapi na amekaa huko muda gani, na kwamba yeye kwa tumbo lake hilo atafukuzwa kabla ya Ijumaa. Mlinzi wa mlangoni alisema wanataka sura zetu wakazitumie wanakokujua wao. Redio akamwambia kwa sura hiyo atulie, hakuna mwizi mwenye shida kiasi hicho.

Tukaletewa mwalimu, dada mmoja mwembamba wa sauti ya chini. Tulimbatiza jina la Bi Kidole, maana hakuwa na sentensi isiyo na kidole: weka kidole, inua kidole, kidole kimoja jamani, si kiganja. Siku ya kwanza alituomba tuweke simu mezani. Hakuna aliyeweka. Tulidhani anazitaka ili azichungulie. Redio aliitumbukiza yake kifuani, akamwambia mwalimu kwamba aliyeiingiza humo ni yeye, na atakayeitoa ni yeye.

Bi Kidole hakukasirika. Alisema tusijione wajinga, kwani dunia nzima imejaa watu wanaoshinda na simu mkononi lakini hawajui zaidi ya kupokea na kukata, wengine wana tai na viti vya kuzunguka, na kinachowazuia kujifunza ni aibu zaidi kuliko ugumu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikitabasamu. Niliona hayo hayanihusu. Si mimi niliyemfundisha mama simu?

Sasa kaka, niruhusu nikukumbushe niliyokuwa nayaamini juu yako. Nataka ujue kwamba sikukuzushia tu. Nilikuwa na ushahidi, au niliuona ni ushahidi.

Siku ulipohama nyumbani, mama alikwambia maneno mazito mlangoni. Nilikuwepo. Alisema ukivuka kizingiti hicho usimhesabu kuwa ni mama yako. Ukavuka. Halafu, baada ya mwaka na miezi, yule dereva wa lori akatuletea simu mpya kutoka kwako, na barua fupi kwenye kipande cha kalenda. Uliandika kwamba tukishanunua laini tukupigie, ndipo nawe uipate namba yetu. Simu yangu ya vibonyezo ilikuwa imekwisha kuzama katika ndoo ya deki, laini na vyote. Kwa hiyo simu ya mama ndiyo ikawa simu ya nyumba. Hata dereva nilimshuku. Nilikagua boksi nikihisi amenyofoa kitu ndani.

Nilinunua laini, nikaingiza namba yako, nikaandika "Kaka". Nikapiga. Ikasema namba inatumika. Nikapiga jioni, inatumika. Kesho yake asubuhi na mchana, inatumika. Nikamwambia mama kwamba huyo mwanao ana simu ya kuzungumza na ulimwengu mzima isipokuwa sisi, au basi mkewe ndiye ameiganda kama kupe. Mama alisema huenda ni mtandao. Nikacheka.

Ndipo nikamwonyesha mama namna ya kutuma ujumbe wa sauti. Aliipenda sana njia hiyo. Alikuwa akiishika simu kwa mikono miwili, bapa, kama mtu aliyebeba sahani yenye mchuzi, na kabla ya kusema lolote alipiga hodi. Naam, hodi, kwenye simu. Alipougua aliendelea hivyo hivyo kitandani, miezi minne. Ujumbe ulikuwa unaondoka, na kila mara zilitokea tiki mbili za bluu. Hilo nilikuwa nalijua vizuri, aliniambia mshona viatu wa pale kona: tiki moja umeondoka, mbili umefika, zikiwa bluu mtu ameshaufungua. Nikawa nahesabu. Umefika. Ameufungua. Kimya. Kila tiki ilinichoma kama sindano.

Mama alipofariki, ni dereva aliyekuletea habari, nawe ukafika siku ya tatu tumeshazika. Ulipolia nilikwambia, mbele ya mjomba na majirani wote, kwamba machozi yako yamechelewa. Ulisema hukupata hata neno moja kutoka kwetu, na kwamba uliamini mama ameikataa simu yako kama alivyokukataa wewe. Nikainua simu juu watu waone, nikauliza hizi tiki mbili ni za nani. Mjomba akavaa miwani, akatazama, akatikisa kichwa, akasema mtu anayesikia sauti ya mama yake mgonjwa akanyamaza, huyo damu yake imekuwa maji. Ukaomba uishike simu, uone mwenyewe. Nikaificha mgongoni. Nilidhani unataka kufuta ushahidi.

Nilikuona ulivyouacha mkono wako hewani. Naukumbuka mkono huo kila ninapokunja matambara yangu ya kazi.

Turudi darasani. Somo la tano lilihusu kuhakikisha unayemtumia ujumbe ndiye hasa unayemkusudia. Bi Kidole alitutaka kila mmoja afungue jina moja katika simu yake, kisha jirani yake amsomee namba kwa sauti. Mimi, kwa simu hii ya mama ninayoitumia hadi leo, nilifungua lako. Sijui kwa nini, labda nilitaka watu waniulize ni nani nipate kusimulia. Redio akaanza kusoma, akafika katikati akasimama. Akaniuliza kama nimerogwa. Alisema namba hiyo anaijua kwa moyo, anaipiga kila siku alfajiri kuniamsha. Alisema, wewe dada, hii si ndiyo namba yako?

Darasa lilicheka. Nami nilicheka, kisha nikaacha. Bi Kidole akaja, akaichukua simu kwa upole, akatazama mazungumzo yale. Kando ya neno "Kaka" kulikuwa na kineno kidogo cha kigeni ndani ya mabano. Mimi na mama tulikiona siku zote, tukadhani ni pambo la simu. Aliniambia maana yake ni "wewe". Akanieleza kwamba mwenye simu hii alikuwa akijitumia mwenyewe, ndiyo maana tiki zilikuja mbili na kugeuka bluu, na kwamba mtu akijipigia simu mwenyewe ataambiwa namba inatumika, kwa sababu ni kweli anaitumia yeye.

Unajua nilifikiri nini kwanza? Nilifikiri ni wewe. Wallahi kaka, njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nakushuku wewe, kwamba umeingia katika simu ya mama kwa ujanja wa huko uliko, ukabadilisha namba ili ujisafishe. Ilikuwa rahisi kwangu kuamini hivyo kuliko lile jingine.

Nilipofika sikuvua hata viatu. Nilitoa ile bahasha uliyotuletea, iliyokuwa chini ya godoro la mama. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Moja ni kipande cha kalenda chenye namba yako, kwa mwandiko wako, saba yenye mkia. Nyingine ni kadi ya laini, ambapo muuza duka alituandikia namba mpya ya mama. Namba iliyo kwenye simu ilikuwa ya kadi.

Ni mimi, kaka. Hakuna aliyeingia mahali popote. Siku ile nilishika karatasi isiyo yenyewe, nikaandika jina lako juu ya namba ya mama, na mama akazungumza na nafsi yake mpaka akafa.

Na si hilo tu. Kama lingekuwa hilo tu ningesema ni bahati mbaya. Siku ya kwanza kabisa mama alipendekeza tumwite binti wa jirani aliyesoma mambo ya kompyuta atuingizie namba. Nilikataa. Nilikuwa nimejisifu kwamba simu za kisasa naziweza, mimi msomi wa darasa la saba, na sikutaka kuonekana nababaisha. Kisha katikati ya ugonjwa, mchana mmoja nikiwa nampaka mafuta miguuni, mama aliniomba nikaitazame tena ile namba kama ndiyo yenyewe, kwa kuwa mwanawe anamjua, ana kiburi lakini hana roho ya kunyamaza. Nilimwambia kama haniamini asinitume tena. Akanishika mkono akasema basi, yaishe. Hakurudia kuuliza. Katika nyumba ile mimi nilimshuku kila mtu, dereva, wifi, wewe. Mama hakumshuku yeyote ila karatasi, na ndiye aliyekuwa na haki.

Bado sijamaliza kukiri. Hayo niliyagundua miezi miwili iliyopita. Miezi miwili nimekaa nayo. Siku moja niliketi kitandani pa mama nikaweka kidole juu ya mazungumzo yale mpaka simu ikaniuliza kama kweli nataka kuyafuta yote. Hakuna ambaye angejua. Ungeendelea kuwa mwana mbaya, nami ningeendelea kuwa binti mwema aliyeuguza. Nililitazama swali lile mpaka kioo kikazimika chenyewe. Kilichonizuia si wema. Niliogopa kuisahau sauti yake.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa mjomba nikamweleza yote kabla ya kukuandikia, kwa kuwa ndiye aliyekutamkia neno zito. Aliomba simu, akavaa miwani, akaitazama kwa karibu. Mwisho akauliza kama kweli vijiti viwili vya rangi vilimdanganya mtu mzima kama yeye. Nilimwambia hapana mjomba, aliyekudanganya ni mimi. Aliagiza nikuandikie kwamba lile neno lake amelirudisha, na kwamba atakuja kukwambia kwa mdomo siku ukikubali kumwona. Majirani nao nimeanza kuwapitia, mlango hadi mlango. Ni kazi ngumu kuliko ghorofa mbili za deki, lakini nitaimaliza.

Ziko sauti arobaini na mbili. Nimesikiliza tatu tu, ili niwe na hakika ni za mama. Nyingine sikuzigusa, kwa sababu aliambiwa mwingine. Katika ile ya kwanza, baada ya hodi, anasema simu ameipata, ni nzuri ila inateleza kama samaki. Anasema yale maneno ya mlangoni aliyajutia hata kabla hujakata kona, na kwamba alitoka mbio kukuita, ila alikuwa na kiatu kimoja, majirani wakamwangalia, akaona haya akarudi. Nilikuwa nimekwisha kurudi jikoni. Sikujua kwamba alitoka. Katika ile ya mwisho sauti ni ndogo. Anasema anajua kazi za watu hazina huruma, ukipata nafasi utajibu. Kisha anasema mdogo wako amekasirika, usimtilie maanani, akikasirika hufagia nyumba mara mbili na hakuna anayeumia.

Zote ni zako. Bi Kidole amenifundisha namna ya kuzipeleka, ni kazi ya dakika chache. Lakini kaka, sitaki mimi niingize namba yako. Mkono huu siuamini tena, hata niikague mara kumi. Namba ya mama nimeiandika nyuma ya karatasi hii, na Redio ameisoma kwa sauti mara mbili. Acha kwanza niuone ujumbe wako, hata kama ni nukta tu, hata kama ni tusi. Ukiingia nitajua kwamba huyo ni wewe kweli, na sauti za mama nitazituma hapo hapo, kwa mpangilio aliozisema. Usipotaka kuniandikia mimi, mwandikie yeye. Simu ni yake.

Nisalimie wifi na uniombee radhi kwake kwa kumwita kupe, ingawa hakunisikia. Dereva anasubiri nje, injini inanguruma, naye nimeshamwomba msamaha, akacheka sana. Nakutakia afya na riziki, na usingizi usio na mawazo.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Kitindamimba