Mpiga Picha Alisimama Upande Gani

Rugera, Karagwe
Jumatatu

Kwa dada yangu mpendwa Anjelina,

Shikamoo dada. Naamini barua hii itakukuta umemaliza kupalilia mikorosho na mguu wako umepona. Usiniandikie kwamba umepona kama hujapona, maana nakujua. Mimi mwili ni mzima. Nakula, ingawa huku chakula ni ndizi, na ukishiba hizo za kupikwa unaletewa nyingine ya kuiva. Moyo ndio si mzima, na leo nimeamua kukueleza wewe kabla hujasikia kwa watu.

Uliniuliza mambo mawili: kama nitakuja Krismasi, na hii kazi yangu ya kutafsiri video ni kazi gani hasa, maana mama mkubwa anawaambia watu kanisani kwamba mimi ni mwalimu. Krismasi siji. Sababu imetokana na hiyo hiyo kazi, kwa hiyo nikikujibu la pili nitakuwa nimekujibu na la kwanza.

Kibanda chetu cha video kiko karibu na stendi ya Kayanga. Ni cha matete na turubai, na mwenye nacho ni mfanyabiashara mmoja wa Muleba mwenye jenereta, televisheni na deki. Jumapili mchana watu wakitoka kanisani, Wakatoliki kwa Walutheri, wanajazana kwenye mabenchi. Filamu zenyewe ni za kupigana na kukimbizana, za Kiingereza au za Kichina. Mimi nasimama kando ya televisheni na kueleza kwa sauti kubwa. Kiingereza changu unakijua, wewe ndiye uliyekuwa ukificha ripoti yangu baba asiione. Kichina ndiyo usiseme. Lakini sikuhitaji lugha, kwa sababu nilijua filamu zinavyotengenezwa.

Yule mzee niliyefanya naye kazi kwenye jumba la sinema Dar es Salaam, aliyekuwa akiunga mikanda ikikatika, ndiye aliyenifumbua macho. Alinifundisha kwamba filamu hizi zote ni moja, wamebadilisha kofia tu. Stelingi akipigwa risasi, itakuwa ya bega. Maadui wako ishirini, lakini watamjia mmoja mmoja, wengine wanangoja zamu yao kama wako zahanati. Rafiki wa stelingi akitoa mfukoni picha ya mkewe, muage, hafiki jioni. Muziki ukinyamaza ghafla, kuna mtu nyuma ya mlango. Na mkuu wa majambazi hashindwi kwa bunduki, hushindwa kwa domo, maana badala ya kuua anaanza kuhutubia.

Nikawa nawaambia watu haya kabla hayajatokea, na yanapotokea kibanda kinalipuka kwa kelele. Wakaanza kuniita mwalimu. Nilipenda, dada, nisikudanganye. Nilitembea sokoni kifua mbele.

Kati ya watazamaji alikuwepo Zakaria. Alikuwa mkulima wa kijiji hiki cha Rugera, wazazi wake walihamia huku kutoka Rwanda yeye akiwa angali mgongoni. Alikuwa na kishamba cha kahawa na migomba, na siku nyingine alilima kibarua. Alikuja kwa miguu kila Jumapili na kukaa benchi la mbele. Wenzake waliuliza nani atashinda. Yeye aliuliza mambo yanafanywaje.

"Mwalimu waitu," aliniuliza siku moja kwa neno la huku la heshima, "huyu alikuwa anakimbia huku. Sasa mbona anakimbia kule, na hakugeuka?"

Nikamjibu mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu anayejua. Nilimwambia picha zinapigwa vipande vipande na kushonwa kama kitambaa, na ili mtazamaji asipotee, mafundi wana kanuni: kulia ni kwenda, kushoto ni kurudi. Stelingi akielekea kulia anakwenda vitani. Ukimwona anaelekea kushoto, vita vimekwisha, anarudi nyumbani. Zakaria alifurahi mno. Kuanzia siku hiyo alikuwa akiwanyooshea wenzake kidole: "Anakwenda! Sasa anarudi!" Tukawa marafiki. Alinikaribisha kwake, mkewe Verediana akanipikia ndizi na maharage, na watoto wao wawili wakanionyesha jinsi stelingi anavyoanguka akipigwa risasi ya bega.

Kisha vita vya Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, vikawaka. Watu walivuka kwa maelfu, wengine wakaja hadi makambi ya huku kwetu. Zakaria alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake wa kike, Dafroza, aliyezaliwa huku lakini akaolewa huko Rwanda. Kila juma alizunguka makambini akiuliza jina lake hema kwa hema. Hakumpata. Hakujua kama amekwisha kuvuka, au amebaki kule, au la tatu ambalo hakuwahi kulitaja.

Ikafika Jumapili moja, tajiri mwenye kibanda ameleta kanda mpya aliyoinunua Kampala. Ilikuwa filamu ya kutafuta hazina msituni, daraja la kamba na mamba chini yake. Ilipokwisha watu wakainuka, nami nilikuwa sijazima deki. Zikaja chenga. Baada ya chenga ikatokea picha nyingine, maana kanda ile ilikuwa imerekodiwa juu ya taarifa ya habari, na mkia wa habari ulikuwa umebaki. Tukaona barabara ya vumbi na watu wengi wamebeba magodoro, ndoo na watoto. Mtangazaji alisema Kiingereza cha haraka, sikuambulia neno.

"Dafroza!" Zakaria akapiga kelele. "Huyo! Rudisha nyuma!"

Nikarudisha. Mwanamke mwenye kikapu kichwani, bega la kushoto limeshuka. Zakaria akasema bega hilo aliliumiza utotoni kwa kuanguka mtini, na yeye ndiye aliyembeba hadi zahanati. Tulirudisha mara nne. Yule mama alipita mbele ya kamera, akatokomea ukingoni mwa kioo, kisha zikaja chenga tena. Watu walikuwa wamesimama wote.

Zakaria akanigeukia. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata jawabu la hesabu.

"Anaelekea kushoto," akasema. "Basi amerudi nyumbani. Ndiyo maana simpati makambini. Sivyo, mwalimu?"

Dada, ilikuwa rahisi kusema sijui. Ile haikuwa filamu. Hakukuwa na fundi aliyeshona, kulikuwa na mtu mmoja na kamera yake kando ya barabara, na mimi sikujua alisimama upande gani. Angevuka barabara tu, kushoto kungekuwa kulia. Hilo nililijua, yule mzee alinifundisha hata hilo. Lakini kibanda kizima kilikuwa kinanitazama, na hakuna aliyewahi kunisikia nikisema sijui.

Nikasema, "Sawasawa."

Verediana alimkataza. Alimwambia makambi hayajaisha, azunguke tena hata mwezi mmoja. Zakaria akamjibu kwamba mwalimu amethibitisha. Jumanne alfajiri aliondoka kupitia upande wa Kyerwa, akamtafuta mvuvi mwenye mtumbwi akamvusha. Mvuvi alikubali kumngoja siku mbili. Alimngoja siku tatu. Siku ya sita maji ya Kagera yakamrudisha, dada, yakampeleka kwenye mafunjo pamoja na wengine. Mvuvi alimtambua kwa makatambuga yake, aliyokuwa ameyafunga kwa waya wa shaba. Walimzika hapo hapo kando ya mto, wakamletea Verediana kiatu kimoja.

Nilikwenda msibani, nikakaa na wanaume, nikala chakula cha watu. Sikufungua mdomo. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nafagia kibanda alipokuja mtoto mkubwa wa Zakaria na kusema naitwa kwao, niende upesi. Nilikwenda nikijua nakwenda kutukanwa, na kwa kweli nilitamani nitukanwe. Nilipofika nikamkuta Verediana amesimama mlangoni. Kwenye kigoda alikaa mwanamke mwembamba sana, amenyolewa nywele, bega la kushoto limeshuka. Alikuwa na kibakuli cha uji na alikuwa akitabasamu kwa haya, kama mgeni anayemngoja mwenyeji arudi kutoka shambani.

Alikuwa ameugua kuhara damu kambini muda mrefu, amelala kwenye hema la wagonjwa, ndiyo maana kaka yake hakumwona. Alipopata nguvu akauliza njia ya Rugera.

Verediana akaniambia, "Mimi nimemwambia tu akae ale. Mengine mwambie wewe, mwalimu. Wewe ndiye unajua kueleza."

Nikamweleza. Miaka yote nimepiga kelele juu ya milio ya bunduki bila kukosa neno, na siku ile nilitafuta kila neno. Nilimweleza kanda, barabara, kulia na kushoto. Nilimweleza mto. Hakulia wakati ule. Alikiweka kibakuli chini taratibu, akafikiri.

"Namkumbuka yule mzungu wa kamera," akasema. "Alisimama mkono wangu wa kushoto, kwenye shamba la mtama. Mimi nilikuwa nakuja huku."

Kisha akaniuliza, "Na kaka alipokuuliza, ulimjibuje?"

Nikamwambia nilimjibu, "Sawasawa." Verediana akatoka nje, tukamsikia analia nyuma ya nyumba. Hapo ndipo Dafroza naye alipoanguka chini.

Nimeacha kibanda, dada. Tajiri amekasirika, na watu wa Jumapili wananiuliza nimepandwa na nini. Nimehamia Rugera, nimepanga chumba kwa jirani, na kila asubuhi nakwenda kulima shamba la Zakaria. Napalilia migomba, nakata majani makavu, na kahawa ikiiva nitaichuma. Sikuombwa, na wala sikufukuzwa. Verediana huniachia maji ya kunywa penye shina la mgomba na kuondoka. Siwezi kuja Krismasi nikala nyama nawe wakati shamba hili halina mwanamume. Na nina aibu nyingine, dada. Ni miaka sita sijaja kukuona, nami nina miguu na basi lipo. Mwenzangu alivuka mto wenye maiti kumtafuta dada yake. Nitakuja, lakini si sasa.

Usimsomee mama mkubwa barua hii. Mwambie nalima, si uongo. Nisalimie shemeji Hamisi, mwambie jembe alilonifundisha kulishika bado nalishika vibaya. Nisalimie mjomba Ajali na mkewe, na yule mdogo wetu Rehema anayesomea ukunga, mwambie asidanganye mgonjwa hata kwa huruma. Watoto wote wabusu.

Jana asubuhi Dafroza alipita shambani akienda kuchota maji. Hakuwa ameniamkia tangu siku ile. Akasimama, akasema, "Habari za asubuhi, mwalimu." Nilimwomba asiniite hivyo tena. Akahamishia ndoo mkono wa pili.

"Sasa nikuite nani?" akaniuliza.

Akaenda zake kisimani, nami nikashika tena jembe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Benedikto