Mtungi wa Uani Kwangu

Jumatano, 6 Julai 2005
Ujiji nzima hakuna anayechemsha maji kama mimi! Nachemsha, nachuja, nafunika.
Haya, uongo. Nachemsha nikisikia nesi anakuja. Siku nyingine nateka ziwani, namimina mtungini, basi.
Kikundi chetu cha wanaotumia dawa za ukimwi kimekutana uani kwangu, kama kila Jumatano. Tuko sita. Watatu tumetoka kulazwa — homa, kuhara, bakteria kwenye damu. Mmoja wetu, Mwanakombo, kasema ni uji anaotuuzia mwenzetu Leonia, yule mkimbizi wa Burundi. Na mimi, mdomo huu! — nikaitikia. Sasa mwenyekiti wa mtaa ameandika barua arudishwe kambini.

Ijumaa, 8 Julai
Kaja Nikodemu wa maabara na sanduku la barafu. Kachukua uji, maji, dagaa, hata mavi ya kuku wangu! Nikamwambia, kweli wasomi mmekosa kazi.
"Mzee, choo chako mwenyewe ninacho tayari kwenye friji."
Mshenzi! Anasema bakteria nao wana koo na jamaa zao. Atalinganisha hawa na wale wa kwenye damu zetu.

Jumatatu, 18 Julai
Majibu. Mdudu anaitwa salmonela — ungedhani bibi harusi wa Kikongo. Uji safi. Dagaa safi. Aliye kwenye damu zetu ndiye aliye kwenye mavi ya kuku wangu, na kwenye mtungi wangu.
Mtungi wangu! Matetea hulala juu ya kifuniko. Na maji yake ndiyo tunayomezea dawa.
Mwenye kinga nzuri angeharisha siku mbili akasahau, kasema Nikodemu. Sisi hutuingia damuni. Lakini inatibika! Kuku wajengewe banda, maji yachemshwe. Nikafurahi — hatufi kwa sababu ya kuku. Kisha nikamkumbuka Leonia.

Jumanne, 19 Julai
Nimemkuta anakoroga uji usio na mnunuzi. Nikamwambia yote, na kwamba nami nilimsema. Mwiko unazunguka tu. Halafu:
"Mutama," — ndiyo mzee kwa Kirundi — "kuku wako wana adabu kukuzidi wewe."
Nikacheka. Naye kicheko kidogo kikamponyoka.
Mwenyekiti anasema ataichana barua nikitamka ukweli mwenyewe mbele ya kikundi. Kesho hiyo! Mwanakombo atanitafuna mzimamzima.
Nikamwambia, "Leonia, mguu wa jiko lako niliuunga mimi, hata asante sijapata. Basi kesho nikisimama kusema, keti upande wangu. Usiseme kitu. Keti tu."