Habari ya Nne

Jumapili, 9 Novemba

Ukungu mzito wa Delta ya Nile asubuhi. Bendera ilipandishwa, hatukuiona ilipofika juu.

Wiki hii ni zamu yangu kusoma habari kwenye redio ya shule. Redio ni jina tu — kipaza sauti kimoja na spika mbili uwanjani, sisi tukiwa mstarini kabla ya kuingia darasani. Ragda wa darasani kwetu alisoma Kurani, kisha mimi: habari moja ya dunia, moja ya nchi, moja ya michezo, zote nimenakili gazetini. Mawaziri wamekutana, mawaziri wameagana. Wasichana walipiga miayo shule nzima.

Nikaongeza ya nne. Jana Mjomba Sabri, anayefanya kazi kituo cha maji, alimwambia Mama ajaze ndoo: Jumanne mitaa yetu yote inakatiwa maji, na baraza la mji halina mpango wa kutangaza. Basi nikatangaza mimi. Miayo ikakoma! Mtu wa mstari wa nyuma akauliza, kuanzia saa ngapi? Sijawahi kuulizwa swali juu ya mawaziri.

Jumanne, 11 Novemba

Jua, upepo wa vumbi. Maji hakuna tangu alfajiri. Ngazi za jengo letu zimejaa ndoo, masufuria, hata beseni la kuogeshea mtoto. Umm Hani wa ghorofa ya pili kanifinya shavu, eti mimi ndiye waziri wake.

Nimenunua gazeti na kusoma kurasa za mbele, si za nyota. Nani anapanga mtaa upi ukatiwe? Baraza, anasema Ragda. Na baraza, tunalichagua au tunapangiwa? Tulimuuliza mwalimu wa historia. Akasema tufungue ukurasa unaofuata.

Jumatano, 12 Novemba

Baridi. Maji yamerudi, rangi ya chai.

Nimeitwa ofisini. Baraza limempigia simu mwalimu mkuu, Abla Tahani; walimu wa kike wote tunawaita abla. Alianza kwa upole — nina sauti nzuri, mwakani nina mtihani wa thanawiya, wa kumaliza sekondari, nisijiharibie. Kisha akataka kujua nani aliniambia. Sikumtaja. Mjomba ana watoto wanne na kazi moja. Basi nichague: nitaje jina, au kesho nisahihishe mbele ya shule. Nikikataa yote mawili, redio basi, na mzazi aje.

"Utasema ulikosea," akasema.

"Lakini maji yalikatika, Abla. Hata vyoo vya hapa vilifungwa."

"Ulikosea kuyasema."

Hakunitazama aliposema hivyo. Nadhani na yeye alijaza ndoo kwake.

Mama anataka nisahihishe, yaishe. Sentensi moja tu, anasema, itaniua? Haitaniua. Itanikaa kooni.

Alhamisi, 13 Novemba

Anga safi, baridi kali. Leo bendera imeonekana mpaka juu.

Nimesoma ya dunia. Ya nchi. Ya michezo. Abla Tahani alisimama karibu na swichi ya spika.

"Nimeagizwa nisahihishe habari ya Jumapili," nikasema. "Nilisema Jumanne maji yatakatika. Ambaye kwao hayakukatika, tafadhali anyooshe mkono, nisahihishe."

Kimya. Nilikuwa nimekipanga kimya hicho tangu jana, mpaka pa kuvuta pumzi. Ambacho sikukipanga ni mkono wa Rihab. Rihab! Msichana ambaye hata akiitwa jina huitika kwa kunong'ona. Uso umemwiva, mkono uko juu.

"Kwetu hayakukatika," akasema. "Sisi tunaokaa nyuma ya klabu mpya. Siku hiyo walikuwa wanajaza bwawa la kuogelea."

Maskini, alidhani ananisaidia kusahihisha. Wote wakageuka kumtazama, kisha wakanigeukia mimi. Nikakisogelea kipaza sauti. "Asante, Rihab. Nasahihisha: maji yalikatika kwetu, hayakukatika klabuni." Neno la mwisho nililitoa kwa koo langu tu, spika zilikwisha zimwa. Lilifika.

Nimetolewa kwenye redio. Mama anatakiwa shuleni Jumapili. Ragda anasema kuanzia hapo atasoma yeye, na ameniuliza habari ya nne iwe ipi.

Mjomba Sabri alipita jioni. Alikwisha sikia yote. Alikunywa chai, na wakati wa kutoka akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo muda mrefu.

Mama kanuna. Aliosha vyombo kwa kuvigonganisha. Halafu, bila kugeuka:

"Bwawa?"

"Ndiyo, Mama. La kuogelea."

Akafunga bomba.

"Mimi Jumanne nilimwogesha bibi yako kwa kikombe."

Hakusema kama nimefanya vizuri. Amechukua simu, kampigia Umm Hani. Umm Hani naye anakuja Jumapili. Kisha kampigia wa ghorofa ya tatu, na sasa yuko na mwingine, jina sijalisikia. Mlango uko wazi kidogo. Huyo naona ameuliza kuanzia saa ngapi, maana Mama anamjibu: saa mbili, kabla hawajapandisha bendera.

Saa sita kasorobo. Bado anapiga. Nalala.