Siku Tuliyotoa Mitungi Juani

Shikamoo Bibi Mwajuma.

Unajua niliishia la nne, kwa hiyo mwandiko wangu utauvumilia. Kusema na watu bado kunanishinda. Ila na wewe nilizoea, tunafinyanga kimya mpaka adhana ya adhuhuri, halafu unaniambia neno moja tu, "Vunja, anza upya." Basi nakuandikia.

Tangu tukuzike, banda letu hapa Kilosa, lile la nyuma ya reli, kidogo liende. Mwenye banda alipata mfanyabiashara wa ufuta anayetaka pa kuweka magunia, na kodi anatoa kubwa kuliko yetu. Akatuambia mafundi wote tutafute pengine. Mimi na vyungu, Mama Rehema na batiki zake, Chande na vinyago vyake. Pengine wapi, Bibi? Chumba changu kitanda kikiingia mlango haufungi. Nikajua ufinyanzi umeishia hapo, narudi Ruhembe kukata miwa.

Ndipo Chande, sasa ndiye mwenyekiti wetu, akapata wafadhili. Wakasema hawaahidi kitu, watakuja kwanza kutuona, ndiyo waamue kama watatushika mkono kwenye kodi.

Tulihangaika! Chande alitaka banda ling'ae. Tukafagia, tukaazima viti vya plastiki, tukatundika vitenge ukutani. Asubuhi ya siku yenyewe akaniambia, "We Hamisi, hayo matope yako yatoe nje, wageni wasije wakadhani tumewaleta zizini."

Matope yenyewe ni mitungi sita mikubwa ya hoteli moja ya Mikumi. Nilikuwa nimemaliza kuifinyanga juzi yake. Ilikuwa mibichi, nimeifunika viroba kama ulivyonifundisha. Nilijua haifai kutoka. Nilijua kabisa. Mdomo ukawa mzito, nikaibeba mwenyewe mmoja mmoja, nikaipanga juani. Hata viroba nikavitoa, maana Chande alisema vinatia aibu.

Nisamehe kwa hilo.

Wageni walifika saa saba. Mama mmoja wa makamo na kijana wa kupiga picha. Chande akasoma hotuba. Sanaa ni maendeleo, sanaa ni utamaduni, sanaa ni ajira. Yule mama alikuwa anaandika, lakini mimi nilimwona, mara mbili alipiga mwayo akauficha na daftari.

Tukatoka nje kwa ajili ya picha. Mtungi wa kwanza una ufa, kutoka mdomoni mpaka tumboni. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu nilipougusa, kipande kikabaki mkononi. Mama Rehema unamjua, hakai na neno. Akasema, "Haya mwenyekiti, wageni wamepona zizi, wamekuta magofu."

Yule mama akauliza fundi ni nani. Wote wakaniangalia. Akaniuliza, "Kwa nini imepasuka?"

Bibi, nilitaka ardhi inimeze. Niliangalia kile kipande mkononi, alama za gunzi nililolainishia bado zinaonekana, kazi ya siku nzima. Nikasema. Sauti ikawa ndogo, akaniomba nirudie, nikarudia. Nikamwambia jua linakausha ngozi ya nje wakati ndani bado kuna maji, ndiyo maana inapasuka. Mtungi kama huu unatakiwa ukae ndani wiki mbili, usipigwe na upepo, usisogezwe. Kwangu hakuna pa kuweka hata mmoja. Hapa ndipo pekee.

Akafunga daftari. Sijui nilipata wapi nguvu, nikamuuliza na mimi, "Mama, samahani, sisi hutujui. Kwa nini unahangaika na sisi?"

Hakukasirika. Alisema babu yake alikuwa fundi wa kuchonga milango. Chumba chake cha kazi kikapangishwa, patasi zikawekwa chini ya kitanda, akasema ni kwa muda tu. Akafa zikiwa pale. "Leo ukoo mzima hakuna anayejua kuzishika," akasema. "Ufundi wenyewe ulikuwa haujaisha. Ilikosekana sehemu ya kukaa." Alivyosema hivyo alikuwa anaangalia mitungi, siyo sisi.

Jibu lilikuja baada ya mwezi. Watasaidia kodi miaka mitatu, na sisi tunachangia kidogo tunachoweza. Mwenye banda amekubali, wa ufuta amepata pengine. Hoteli nayo ilikubali kusubiri, nikaloweka ule udongo uliopasuka, nikaanza upya. Chande alinifuata pembeni, akasema, "Mdogo wangu, siku nyingine nipigie hata kelele." Nikamwambia kosa ni la wote wawili. Yeye hakujua. Mimi nilijua nikanyamaza.

Jumatatu anakuja dada mmoja kutoka Mamboya, Zuhura, anataka kujifunza. Atakaa pale ulipokuwa unakaa. Niliwaza sana, nikaona ni sawa. Wewe ulinipokea watu wakinicheka kwamba mwanaume gani anafinyanga vyungu, wala hukuniuliza kitu.

Mimi nilijifunza kwa kukuangalia mikono. Yeye nitamwambia kwa mdomo, kila hatua na sababu yake, asije akabeba mtungi mbichi kuupeleka juani kwa sababu mkubwa amesema.

Nakuaga, Bibi. Mungu akulaze pema. Nakuahidi, siku nikiona kazi inaharibiwa nitasema, hata kama sauti itatetemeka.

Hamisi wako